Toi ya muziki kwa mtoto wa miezi 7: piano ya betri, meza ya taa au marimba ya mbao?

Mama Cherehani (Mbagala)

Salaam wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani. Mwanangu wa kwanza, binti, ametimiza miezi 7 Jumatatu iliyopita. Anakaa mwenyewe nikimwekea mto nyuma, hatambai bado, na kila anachoshika kinakwenda mdomoni.

Nimeanza kuwaza toi ya muziki kwa sababu ya jambo moja. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Nikikanyaga kwa mwendo mmoja, mtoto anatikisa mabega. Nikisimama kukata uzi, naye anatulia, ananitazama. Nikianza tena, anaanza. Hakuna aliyemfundisha. Juzi nilimpa kopo tupu la siagi na mwiko mdogo, akapiga mara mbili, akatulia, akapiga tena. Nikasema huyu ana hamu, nimtafutie kitu chake.

Baba yake mdogo alishamletea piano ya plastiki inayotumia betri, ina taa na picha za wanyama. Tatizo ni kwamba ukigusa kitufe chochote inaimba wimbo mzima, na haukatiki mpaka uzime swichi. Mara ya kwanza mtoto alishtuka, akalia. Mara ya pili alikodolea taa macho, hakusogeza hata kidole. Sauti ni kali mno, nikiwa chumba cha pili naisikia kama ipo mezani kwangu. Nimeiweka juu ya kabati na roho inaniuma, maana shemeji aliileta kwa mapenzi.

Jumamosi nilipofuata vifungo na zipu Kariakoo nilipita kwenye maduka ya vitu vya watoto. Nimeona aina tatu:

Mkeka laini wenye piano miguuni, mtoto analala chali na kupiga kwa visigino, 45,000.

Meza ndogo ya plastiki yenye taa, gurudumu la kuzungusha na ngoma, 65,000.

Marimba ndogo yenye vipande 8 vya rangi na vijiti viwili, 18,000.

Bajeti yangu ni 30,000, nikijikaza sana 35,000. Lakini hata pesa ingekuwepo nisingejua nichague nini. Waliolea tayari, mliangalia nini? Nataka kitu ambacho akipiga yeye, kilie. Asipopiga, kinyamaze.

Baba Pacha

Dada, sisi tulinunua ile meza na hatujutii, ila wanangu walikuwa na miezi 10. Walikuwa wanajivuta kusimama, basi wakaishikilia. Kwa miezi 7 utakuwa unamwekea kitu kirefu kuliko anavyoweza kufika. Nyingine miguu yake inachomoka ukaiweka sakafuni. Kama hiyo uliyoiona miguu haichomoki, subiri. Na mkeka je? Wanangu waliuchoka mara walipojua kujigeuza, kulala chali hawakutaka tena.

Fundi Redio Tanga

Dada, mimi ni fundi redio, na toi za watoto zinaletwa mezani kwangu mwaka mzima, hasa baada ya Idi. Nimezifungua nyingi, kwa hiyo nitakwambia ninavyoziangalia mimi ninapowanunulia wanangu.

Naanza na mlango wa betri. Kama unafunguka kwa ukucha, rudisha toi hiyo mahali pake. Uwe umefungwa kwa skrubu. Halafu angalia betri ni zipi. Zile nene za redio au za rimoti, sawa. Zile bapa, mfano wa kifungo cha shati, mimi sizitaki kabisa kwenye kitu cha mtoto mdogo. Wewe unaishi na vifungo, unajua jinsi kimoja kinavyodondoka na kupotea usikione mpaka siku tatu baadaye.

Sauti usiipime ukiwa umesimama. Mtoto anapoegemea toi, sikio lake liko karibu na spika kuliko lako mara tatu au nne. Inamisha sikio mpaka pale litakapokuwa lake. Ikikukera wewe mtu mzima, jibu umelipata.

Sasa ile piano ya shemeji, usiitupe. Peleka kwa fundi yeyote wa redio hapo Mbagala. Mwambie afungue, aangalie spika, nyingi ni za ohm 8. Akate waya mmoja wa spika aunganishe rezista, kile kidude kidogo cha kupunguza umeme, ya ohm 22 hadi 47 katikati. Kazi ya dakika 10, na rezista yenyewe ni bei ndogo sana. Sauti itashuka na haitakwaruza. Usibandike tepu juu ya matundu kwa nje, mtoto ataibandua aitafune. Tena angalia vizuri pembeni ya piano, nyingine zina swichi ya hatua mbili: upande mmoja wimbo mzima, upande wa pili kila kitufe na noti yake. Wengi wanaoniletea hawajawahi kuisogeza.

Kuhusu marimba. Kwa maelezo yako ningekwenda nayo hiyo, maana haina betri, na akiacha kupiga imenyamaza. Ila nyingi za bei hiyo hazilii, zinagonga tu. Sababu ni misumari. Kipande cha marimba kinapolia, katikati panatikisika na ncha zinatikisika, lakini kuna sehemu mbili zinazotulia. Hapo ndipo pa kukishikia. Chukua futi yako: kipande cha sentimita 12 kishikwe kama sentimita 2.7 toka kila ncha. Msumari ukipigwa penginepo, au ukikaza mno, sauti inakufa. Piga kipande kimoja kimoja kuanzia kirefu kwenda kifupi. Sauti ipande ngazi kila hatua. Viwili vikitoa sauti moja, chukua nyingine.

Vijiti mwondolee. Kichwa kile cha duara kinachomoka, na mtoto wa umri huo akianguka na kijiti mdomoni ni balaa. Apige kwa kiganja, au kwa ule mwiko wake mbele yako.

Mama Cherehani (Mbagala)

Kaka, Mungu akubariki. Nimekwenda kuangalia pembeni ya piano sasa hivi. Swichi ya pili ipo! Kila kitufe kinatoa mnyama wake mmoja na kinanyamaza. Sauti bado kali, nitaipeleka kwa fundi.

Na je, niachane na vya dukani nimtafutie kayamba? Nimeona linauzwa na wachonga vinyago, dogo na zuri.

Nyanya wa Kilifi

Mwanangu, hilo la kayamba nataka nikwambie kabla hujanunua. Sisi huku tumezaliwa nalo, halikosi ngomani. Lakini lile la kuchezea watu wazima ni matete yaliyofungwa pamoja, na ndani mna mbegu. Mara nyingi ni mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi. Zapendeza macho, lakini ni sumu kali mtu akizitafuna. Tete likipasuka, mtoto ndiye wa kwanza kuziokota. Mkiwa mwalipiga nyie wakubwa naye asikilize, vyema. Mkononi mwake usimpe.

Wajukuu zangu mimi nawatengezea manyanga. Natia mchele mkavu kwenye kichupa cha plastiki, robo tu, kwa sababu ukijaza hakilii. Maharagwe sitii, hata nikiwa sina mchele. Kifuniko nakipaka gundi, nangoja siku mbili, kisha nakivuta kwa nguvu zangu zote. Halafu nakishonea mfuko wa kanga mzito usiofunguka. Wewe ni fundi, mfuko huo kwako ni kazi ya kumaliza kahawa. Mshonee viwili, kimoja mchele, kingine mtama, uone kama hatachagua.

Nesi wa Kliniki

Naongezea machache, kwa sababu nimeona yakitokea.

Betri ya kifungo ikimezwa na kukwama kooni inaunguza nyama ya ndani, na ndani ya saa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Mama hupoteza muda akidhani ni kikohozi au meno, maana mtoto anatoa udenda na kukataa kunyonya. Ukishuku tu, kimbia hospitali, usimtapishe. Toi yoyote iliyokuwa na betri hizo, tafuta hata zile zilizokwisha. Betri ya kifungo iliyokufa bado inaunguza.

Kipimo cha ukubwa kinachopatikana kila nyumba ni kile kibomba cha karatasi ngumu katikati ya karatasi ya chooni. Kinachopita mle ndani ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3.

Rangi: lowesha kitambaa cheupe, sugua kipande cha marimba kwa nguvu. Kitambaa kikipata rangi, hata mdomo wake utaipata.

Na kutikisa mabega kwake unapoanza kukanyaga cherehani, kutulia unaposimama, ni habari njema ya masikio yake. Endelea kumwimbia pia.

Mama Cherehani (Mbagala)

Narudi na majibu, niliahidi moyoni.

Jumamosi nilirudi Kariakoo na futi shingoni na kipande cha kitambaa cha marekani kilicholowa kwenye mfuko wa nailoni. Muuzaji alinitazama sana lakini alikuwa mstaarabu, akanitolea marimba nne. Ya kwanza ilipaka kitambaa wekundu. Ya pili ilikuwa na kipande cha tano na cha sita vyenye sauti moja. Ya tatu misumari ilikuwa ukingoni kabisa na ikagonga kama mlango. Ya nne ikalia. Nilipiga vyote 8, ngazi ikapanda, mpaka muuzaji mwenyewe akasema kumbe zinatofautiana. Akaniuzia 16,000.

Vijiti nimevifungia kwenye droo. Anapiga kwa kiganja, na anapenda kile kirefu zaidi, cha bluu. Vingine anavigusa tu, kisha anarudi kwenye kile cha bluu. Manyanga nimeshona mawili kwa vipande vya kitenge, mshono mara tatu. Nyanya, amechagua la mtama! La mchele analitikisa mara moja na kulitupa.

Piano imewekewa rezista ya ohm 33. Shemeji alikuja Jumapili, akampakata, mtoto akabonyeza ng'ombe. Ng'ombe akalia kwa upole, akabonyeza tena. Baba yake mdogo alicheka mpaka machozi, na mimi ule mzigo wa kabatini ukanitoka.

Leo asubuhi nilikuwa nashona sare za shule. Nakanyaga, anapiga. Nikasimama kubadilisha bobini, nikachelewa kidogo kwa sababu uzi ulikatika. Nilipoinua macho mkono wake ulikuwa bado hewani, ananisubiri.

Fundi wa Tanga, swali moja tu: msumari mmoja wa kipande cha tatu umeanza kupanda juu. Niugonge na nyundo?

Fundi Redio Tanga

Usigonge, na marimba mwondolee leo hii mpaka itengenezwe. Ukiugonga utaua sauti na kesho utapanda tena, maana tundu limeshapanuka. Ng'oa huo na mwenzake wa upande wa pili. Weka skrubu ndogo mbili za kichwa cha duara, zing'ate ubao wa chini, zisikibane kipande. Chini ya kichwa cha skrubu weka washa, yaani kiduara chenye tundu katikati, ya ngozi laini. Fundi viatu atakukatia. Kaza mpaka kipande kisichomoke lakini kiweze kucheza kidogo ukikisukuma kwa kidole. Kisha kipige usikilize. Kikilia kama wenzake, vuta kila kichwa cha skrubu kwa koleo kabla hujamrudishia.