Chai ya mboji kwa mashamba makubwa ya Tabora na Kigoma: chama kinunue mtambo au kikusanye samadi?

Hoja iliyo mezani: chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kina fungu moja tu la fedha. Kinunue mtambo wa lita 1,000 wa kutengeneza chai ya mboji pamoja na bomba la kunyunyizia la kufunga kwenye trekta, au fedha hiyo iende kwenye samadi na mboji yenyewe? Kwa asiyeifahamu, chai ya mboji ni maji yaliyolowekwa mboji iliyoiva na kupulizwa hewa kwa saa 24 hadi 36 ili vijidudu vizaliane, kisha yakachujwa na kupelekwa shambani.

MKULIMA MKUBWA, KALIUA
Mimi nasema mtambo. Ekari 100 zikipewa tani 2 za mboji kila moja, hizo ni tani 200. Mkokoteni wa ng'ombe ukibeba nusu tani ni safari 400, na zote ziwe zimekwisha kabla ya mvua za Novemba. Nani ana ng'ombe na vijana wa kazi hiyo? Chai ni lita 80 kwa ekari, shamba zima lita 8,000, yaani matangi 8. Kila tangi linataka kilo 35 hivi za mboji. Kilo 280 badala ya tani 200! Sitafuti mbolea hapo, natafuta vijidudu. Udongo wetu wa kichanga umelimwa na kuchomwa moto miaka na miaka, umekufa.

AFISA UGANI, UYUI
Mkuu, hesabu ya safari ni sahihi, lakini iko nyingine uliyoiruka. Tuseme chai ni nzito sana na ina miligramu 200 za nitrojeni kwa lita. Lita 80 zinakupa gramu 16. Mahindi ya gunia 12 za kilo 100 kwa ekari huondoka na kilo 18 hivi za nitrojeni kwenye punje peke yake. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Atakayeacha mbolea ya kukuzia kwa sababu amenyunyizia chai ataona mahindi ya njano kabla hayajatoa mbelewele.

Tuje kwenye vijidudu. Sentimita 15 za juu za udongo wa ekari moja zina uzito wa tani 850 hivi. Hata kama gramu moja ya kichanga ina bakteria milioni 100 tu, na chai yako ina bilioni moja kwa kila mililita, unachopeleka ni kama mgeni mmoja kwenye mji wa watu elfu. Na mji wenyewe hauna chakula. Udongo wa Tabora haujafa, una njaa. Vijidudu vinakula mabaki ya mimea na samadi, na mabaki hayo ndiyo tunayoyachoma kila Septemba.

MKULIMA MKUBWA, KALIUA
Lakini soya hupakwa gramu chache tu za bakteria kwenye mbegu, na mizizi inajaa vinundu. Kwa nini kidogo kifanye kazi kwenye soya, kisifanye kwenye mahindi?

AFISA UGANI, UYUI
Swali zuri hilo. Wale ni bakteria wa aina moja inayojulikana, wanawekwa juu ya mbegu yenyewe, na soya inawalisha ndani ya mzizi. Chai ni mchanganyiko wa chochote kilichokuwemo kwenye lundo. Tena fangasi wanaoishi na mizizi, wale wanaousaidia mmea kupata fosforasi, hawazaliani ndani ya tangi hata ukipuliza hewa wiki nzima, kwa kuwa wanahitaji mzizi ulio hai.

FUNDI WA PAMPU, TABORA MJINI
Naomba tuzungumzie mtambo, maana hapo ndipo fedha itakapopotelea. Chai inatakiwa ibaki na oksijeni ya miligramu 6 kwa lita. Maji ya nyuzi 30, kwenye mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi, hata yakishiba hewa kabisa hushika kama miligramu 6.5. Nafasi ni finyu mno! Oktoba tangi likikaa juani halifiki. Liwekwe kivulini, lianze kupulizwa jioni.

Pampu ya samaki haifai, na kompresa ya kujazia matairi hurusha oili ndani ya maji. Inatakiwa blowa isiyotumia oili, yenye nguvu ya kusukuma hewa chini ya kina cha maji, pamoja na bomba la plastiki lenye matundu ya milimita 2 au 3 lililolazwa sakafuni. Yale mawe ya kutolea viputo huziba kwa utelezi baada ya mapishi machache. Umeme ukikatika, vijidudu vinamaliza oksijeni mapema na tangi linaanza kuvunda. Likinuka uvundo mwaga mbali na mazao, usijaribu kuliokoa kwa kupuliza tena. Kwa hiyo bei ya jenereta iingie kwenye bajeti.

Maji ya bomba ya mjini yana klorini. Yapulizwe hewa au yakae wazi siku nzima kabla ya kutia mboji. Chuja kwa wavu wa matundu ya milimita 0.4, na angalia vichujio vidogo vilivyo kwenye nozeli, maana hivyo huziba kwanza. Chai itumike ndani ya saa 4 baada ya kuzima blowa, jioni, jua likiwa limepoa. Na bomba la trekta lililobeba dawa ya magugu lisiguse kazi hii. Nunua tangi lake.

MKULIMA WA KAHAWA, KASULU
Huku Kigoma shida yetu ya kwanza ni uchachu. pH, yaani kipimo cha uchachu, ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu inaanza kuumiza mizizi, na chai haiondoi uchachu. Ni chokaa, baada ya kupima. Kitaluni chai inaweza kuwa na nafasi, kwa sababu mche uko kwenye mfuko mdogo wa udongo na dozi inaufikia. Ila asiwepo wa kunyunyizia mchicha. Ukitia molasi kwenye tangi lililotoka samadi, bakteria wa kuharisha nao wanazaliana.

MKULIMA WA TUMBAKU, URAMBO
Kwa tumbaku mimi napinga moja kwa moja. Samadi ina kloridi, na kloridi ikizidi jani haliungui vizuri. Mboji yenye mabua ya tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato hadi kitaluni.

MKULIMA MKUBWA, KALIUA
Nimeelewa kuhusu tumbaku. Lakini tukiacha kunyunyizia, tukamimina mililita 50 kwenye shimo la mbegu ya mahindi, dozi si itakuwa imekaza?

AFISA UGANI, UYUI
Itakaza, ila kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ekari ina mashimo 18,000 hivi. Hizo ni lita 900. Ekari 100 ni lita 90,000, na unafuu wa usafirishaji umekwisha. Kiganja cha gramu 100 za samadi iliyoiva kwenye shimo hilohilo ni tani 1.8 kwa ekari, na hakina haraka ya saa 4.

Safari 400 ni kikwazo cha kweli, sikipuuzi. Ndiyo maana napenda zaidi mboji inayoota shambani kwenyewe. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, hapa Tabora, walijaribu miti kama glirisidia na sesbania kwenye udongo huuhuu wa Tabora. Majani hukatwa na kufukiwa palepale, hakuna mkokoteni. Mbaazi kati ya mahindi nayo inaacha majani mengi. Na masalia yasichomwe.

MKULIMA MKUBWA, KALIUA
Mbaazi nakubali, miti inataka miaka. Bado sijashawishika kwamba chai juu ya samadi haina kitu, kwa sababu hapo chakula kipo. Chama kisinunue mtambo msimu huu. Kitumie mapipa mawili ya lita 200 na blowa ya kukodi, kwenye ekari 4 tu.

AFISA UGANI, UYUI
Hapo tuko pamoja, mkuu, ila viwepo vipande vya kulinganisha vinavyopewa maji matupu, kiasi kilekile, saa ileile. Bila hiyo, kichanga kilichokauka kitashukuru maji na sifa itapewa chai. Gawa vipande 16 vya robo ekari: vinne maji matupu, vinne chai, vinne samadi na maji, vinne samadi na chai. Vyote vipate mbolea sawa, vipangwe kwa kura na si kwa kufuata mteremko. Kila kipande kipimwe kwenye mizani kivyake, punje zikiwa zimekauka.