Je, upendo waweza kumfikia Mungu bila akili kutangulia?

Mleta mada
Swali hili ni la watawa Wabenedikto wa Tegernsee, Bavaria. Mwaka 1452 abati wao, Kaspar Ayndorffer, alilipeleka kwa Kardinali Nicholas wa Cusa: je, roho yaweza kumfikia Mungu kwa upendo mtupu, bila ufahamu wowote? Mimi nasema yaweza. Hugh wa Balma, mtawa wa shirika la Wakartusi wa karne ya 13, ana mfano wa daraja la mawe: huanza kwa kiunzi cha mbao chini yake, mawe yakishakamatana mbao hung'olewa. Kutafakari ndizo mbao hizo.

Mchangiaji wa pili
Mfano huo unakugeukia, ndugu. Ng'oa mbao mawe yangali mabichi uone kama hakuna kuporomoka. Hugh mwenyewe anapanga njia tatu kwa zamu: kutakaswa, kuangaziwa, ndipo kuungana na Mungu. Na Cusa alijibu wazi: ukipenda kitu, umekwisha kukiona ni chema, kwa hiyo ufahamu umeshaingia, hata kama ni kidogo. Akaonya kwamba anayekwenda bila ufahamu hudanganywa upesi, maana Shetani hujigeuza malaika wa nuru.

Mleta mada
Hata Musa aliingia katika giza nene, na humo akili haina la kuona. Mwanateolojia Thomas Gallus wa Vercelli, aliyefariki 1246, alimsoma hivyo Dionysius, yule mwandishi wa kale wa Kikristo aliyefundisha kumwendea Mungu kupitia giza hilo: kilele cha roho ni upendo, juu ya akili. Naye hasemi habari za msisimko wa moyo, tafadhali tusichanganye.

Mchangiaji wa tatu
Mmeruka jibu bora kuliko yote. Mwaka 1453 Cusa aliwapelekea watawa hao kitabu, *De visione Dei* (Juu ya Kumwona Mungu), pamoja na picha ya uso wenye macho yanayomtazama kila mtu. Itundikwe ukuta wa kaskazini, ndugu waizunguke kwa umbali ulio sawa. Kila mmoja ataona anatazamwa yeye. Atembee toka mashariki hadi magharibi, macho yatamfuata. Lakini kwamba yanamfuata pia mwenzake anayekuja upande wa pili, saa ileile, hilo hawezi kuliona. Sharti amuulize na amsadiki. Humo humo Cusa anasema kutazama kwa Mungu ndiko kupenda kwake.

Sasa, mleta mada, mtawa aliyesimama mbele ya picha ile ametangulia kujua au kupenda? Mimi naona ametangulia kutazamwa. Nijibu kwa picha hiyo, daraja liweke kando kwanza.