Chrome za ofisini zinasema "zinasimamiwa na shirika", shirika lenyewe halina habari

mtunza_mashine

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana kichwa kinawaka moto. Mimi ndo naangalia kompyuta za ofisi yetu, ziko 23, zote Windows, hatuna seva ya kuzisimamia kwa pamoja yaani kila mashine ni kisiwa chake. Tangu wiki iliyopita watu wakitafuta kitu kwenye Chrome, badala ya Google wanapelekwa kwenye mtandao wa kutafutia ambao hakuna anayeujua, unazunguka zunguka mara mbili tatu ndo unatua kwenye matokeo yaliyojaa matangazo. Nikiingia kwenye ekstensheni, yaani vile viprogramu vya kuongezea kwenye Chrome, mhusika namuona kabisa, kajipa jina la upole la kisaidizi cha PDF, ila kitufe cha kumuondoa hakipo na kile cha kuzima kimefifia hakibonyezeki. Halafu chini ya menyu imeandikwa kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Shirika gani jamani, shirika ndo mimi na sijasimamia kitu!!

Nimefuta keshi, nimefuta kuki, nimerudisha setingi za mwanzo, nimeitoa Chrome nikaiweka upya mara mbili, inarudi na mgeni wake mkononi kama hakijatokea kitu. Mpaka sasa mashine 7. Nianzie wapi?

bila_jasho

Piga fomati zote 7 mkuu, acha kuumiza kichwa. Siku mbili umemaliza.

waya_mwekundu

Fomati siyo jibu la kila swali bwana. Atafomati leo, kesho yule yule aliyepakua uchafu ataupakua tena, tutarudi hapa hapa.

Mkuu mtunza, kuitoa Chrome na kuirudisha hakuwezi kusaidia kwa sababu kinachoisimamia ni sera, yaani maagizo ya jinsi Chrome ifanye kazi, na hizo sera hazikai ndani ya Chrome, zinakaa kwenye Windows. Chrome ikiwaka inaenda kuuliza Windows "kuna maagizo yoyote ya ofisi?", na maagizo yakiwepo inatii tu, haiulizi nani kayaandika. Hiyo njia ipo kwa ajili ya watu wa IT kama wewe, wahuni nao wanapita humo humo kwa kuwa wanajua mtumiaji wa kawaida hawezi kuyafuta.

Fanya hivi. Kwenye mashine moja mbovu andika chrome://policy pale juu unapoandikaga anwani. Itakuja orodha ya sera zote zilizowekwa, jina lake, thamani yake na chanzo chake. Nina uhakika wa karibu wote utakuta ExtensionInstallForcelist, yaani orodha ya ekstensheni za kuwekwa kwa lazima, na thamani yake ni herufi 32 zimefuatana ambazo hazisomeki. Zikague vizuri, hutakuta namba na hutakuta herufi yoyote kupita p, ni a mpaka p tu. Hiyo ndo ID ya ekstensheni. Ilinganishe na ID ya huyo mgeni kwenye chrome://extensions, washa modi ya wasanidi ndo ID zinaonekana.

Usifute kitu bado, leta majibu. Na angalia safu ya chanzo kwa kila mashine, siyo moja tu.

mtunza_mashine

Aisee! Kweli ipo, ExtensionInstallForcelist, ID ni ile ile. Chanzo imeandikwa Platform. Ila kuna kioja, kati ya zile 7, mashine moja ya dada wa mapokezi haina hiyo sera kabisa, ina sera nyingine kama nne hivi na chanzo ni Cloud. Na yeye analalamika kama wenzake.

waya_mwekundu

Ndo maana nikakwambia uangalie chanzo. Huyo wa mapokezi kaingia kwenye Chrome na akaunti ya barua pepe ya kazini, eti? Hizo sera zinashuka na akaunti, aliyeziweka ni anayesimamia barua pepe zenu. Ule ujumbe wa kusimamiwa siyo ugonjwa. Unatokea hata antivairasi ikiweka sera yake moja ya halali, na kuna watu wanahangaika nao wiki nzima bure. Kama na yeye anapelekwa kwenye matangazo basi yake ni ekstensheni ya kawaida aliyojiwekea mwenyewe, itakuwa na kitufe cha kuondoa. Hiyo iondoe kwa amani.

Sasa hizo 6 nyingine zenye chanzo Platform, yaani sera imeandikwa kwenye Windows ya mashine yenyewe. Funga Chrome kabisa, na kufunga simaanishi kubofya X halafu basi, ingia Task Manager uhakikishe haipo maana inapenda kubaki inapumua nyuma. Fungua regedit, ile programu ya kuhariri setingi za ndani za Windows, kama admini, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Kabla hujagusa chochote bofya kulia, eksipoti, weka nakala mahali. Narudia, nakala. Nimewahi kuparamia regedit ya mtu nikiwa najiamini na siku ile nilirudi nyumbani usiku. Ukishapata nakala fungua ExtensionInstallForcelist ufute ile thamani yenye ID. Angalia na HKEY_CURRENT_USER njia hiyo hiyo, na upande wa Edge, kivinjari cha Microsoft, pia, yaani Policies\Microsoft\Edge, maana wengi wanaandika kote kote na wewe hujui kwa sababu hakuna anayefungua Edge. Washa Chrome, rudi chrome://policy, bonyeza ile ya kupakia sera upya.

Ikirudi baada ya kurestati kuna sehemu mbili za kushika. Kwanza C:\Windows\System32\GroupPolicy, folda imefichwa, ndani ya Machine na User tafuta faili la Registry.pol, ndo linalotunza sera ambazo Windows inaziandika tena. Kama ofisini hakuna aliyewahi kuweka sera za Windows kwenye hizo mashine, hilo faili halina sababu ya kuwa na habari za Chrome. Lihamishe pembeni, halafu kwenye CMD ya admini piga gpupdate /force ili Windows isome sera upya. Pili fungua Task Scheduler, panapopangwa kazi za kujiendesha zenyewe, usome kazi moja moja, ukikuta inayoita powershell (programu ya kuendesha amri) kila mtu akilogini na hujui imetoka wapi, hapo umempata anayerudisha.

bila_jasho

Haya yote kwa mashine 6?? Mi bado niko kwenye fomati 😂

binti_wa_seva

bila_jasho siku ukifomati ya mhasibu ambaye nywila zake zote zimehifadhiwa kwenye Chrome na hajawahi kuwasha sinki ya kuzitunza kwenye akaunti yake, utatuletea mrejesho hapa.

Kaka mtunza, wamekuelekeza vizuri ila kuna kitu mnakiruka. Hiyo ekstensheni imekaa wiki nzima. Kabla hujaifuta bofya maelezo yake usome ruhusa ilizopewa. Kama imeandikwa inaweza kusoma na kubadilisha data zote kwenye tovuti zote, basi ujue iliweza kuona kila ukurasa waliofungua hao watu, barua pepe, benki, mfumo wa mishahara, na walichoandika kwenye fomu. Sisemi iliiba. Nasema iliweza. Kwa hiyo wakishasafishiwa wabadilishe nywila, na wajitoe kwenye vifaa vyote siyo kubadilisha nywila tu, maana aliyechukua kuki (alama zinazoionyesha tovuti kuwa umeshaingia) za mtu aliyeshalogini mara nyingi hahitaji nywila. Na wabadilishie kwenye mashine safi. Kuna mtu niliwahi kumsaidia alibadilisha nywila zote kumi na kitu, akiwa kwenye ile ile mashine yenye mdudu, kabla hajasafishwa 🤦🏾‍♀️

Swali moja, watu wenu wanatumia Windows kwa akaunti gani? Maana kuandika kwenye Policies kunahitaji haki za admini, hiyo kitu haikujiandika.

mtunza_mashine

Dada umenishika pabaya. Wote ni admini. Nilifanya hivyo mwanzoni kwa sababu kila siku nilikuwa naitwa kuweka printa nikachoka.

MREJESHO: mashine 4 zimepona kwa regedit tu. Mbili zikarudi asubuhi yake, moja ilikuwa Registry.pol kama ulivyosema mkuu waya, nyingine kazi kwenye Task Scheduler imejiita jina kama la apdeti hivi, nilikuwa naipita kila siku naiona. Chanzo nimekipata pia, kuna programu ya kubadilisha PDF kuwa Word, mtu mmoja aliipakua akamtumia mwenzake kwenye flashi, mwenzake akampa mwenzake. Ruhusa ya ekstensheni ndo hiyo hiyo dada, tovuti zote. Nywila zinabadilishwa leo na nimenuniwa na ofisi nzima.

waya_mwekundu

Safi. Sasa watoe uadmini, printa utaenda kuweka mwenyewe hamna namna. Halafu tumia mlango ule ule waliopitia wao. Pale pale Policies\Google\Chrome tengeneza ki mpya (key, ni kama folda) ExtensionInstallBlocklist, yaani orodha ya kuzuia, ndani weka string (thamani ya maandishi) jina lake 1 thamani yake * yaani nyota. Hakuna ekstensheni itakayoingia tena. Zile mnazozihitaji weka ID zake kwenye ExtensionInstallAllowlist, kila moja na namba yake, 1, 2, 3. Eksipoti kama faili la .reg, weka kwenye flashi, zunguka nalo mashine zote, huhitaji seva. Edge nayo majina ni hayo hayo, njia tu ndo inabadilika.

mtunza_mashine

Nimezunguka mashine zote 23 jana jioni, nikalala vizuri. Asubuhi simu nne. Nyota niliweka, ile orodha ya kuruhusu nikasahau, kwa hiyo kitunza nywila cha watu wa uhasibu kimezimwa chote, na ndo wametoka kubadilisha nywila juzi hakuna anayekumbuka hata moja 😭 Nikiongeza ID yake sasa hivi kitawaka na vitu vyake au nimewamaliza?

binti_wa_seva

Kitawaka, tulia. Imezimwa tu na sera, haijafutwa, na kama ni vile vinavyotunza kwenye akaunti nywila hazikai kwenye hiyo mashine peke yake. Ongeza ID, pakia sera upya, mwambie mmoja alogini mkiwa wote mnaangalia ndo uende kwa wengine. Na safari hii jaribu kwenye mashine yako kwanza kaka.

mtunza_mashine

Imewaka. Naenda uhasibu na flashi yangu, mniombee.