Kivuli cha pembeni kwa Hiace ya kulala: kisanduku, mfuko, digrii 270 au turubai la fundi?

BintiSakina
Habari za jioni wadau. Mimi na mume wangu tumekaribia kumaliza kuigeuza Hiace yetu kuwa gari la kulala. Kitanda kipo, kabati la jiko lipo, betri ya pili ipo, mapazia nimeshona mwenyewe. Kilichobaki ni kivuli cha kufungua pembeni. Juzi tulienda Ziwa Duluti kujaribu, saa saba mchana tukajikuta tumejazana ndani kama nyanya kwenye tenga, mlango wazi, jua linaingia mpaka kitandani, mtoto analia.

Gari lenyewe ni paa fupi, mlango wa kuburuta upo kushoto, wa nyuma unanyanyuka juu. Juu kuna keria ya chuma. Bajeti laki nane. Nikibanwa sana nafika milioni, ila mume wangu asijue. Safari zetu ni za karibu: Duluti, Chemka, Ziwa Chala, Karatu mara moja moja.

Nimeona aina nne. Kuna cha kisanduku kirefu kinachofunguliwa kwa hendo. Kuna cha mfuko wa zipu, unakikunjua kwa mkono. Kuna kile cha digrii 270 kinachozunguka mpaka nyuma ya gari kama mkia wa tausi. Halafu lile hema linalosimama lenyewe na kuungana na gari. Jirani yangu anasema zote hizo ni mbwembwe, ninunue turubai yaishe. Nani ametumia nini?

Mangi_Kibosho
Ninacho cha kisanduku, nilikikuta kwenye gari nililonunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Sifa yake ni moja na ni kubwa: dakika moja kivuli kipo. Mke wangu akiwa na mtoto mgongoni anazungusha mwenyewe.

Lakini dada, kile kitu na upepo hawapatani. Pale Chala asubuhi palikuwa shwari, nikashusha miguu miwili nikaisimamisha bila kuipigilia vigingi, nikaenda kuchungulia ziwa. Kurudi nakuta kitambaa kimepinduka juu ya paa na mkono mmoja umepinda kama kijiko cha alumini. Kosa langu, sina wa kumlaumu. Kilichonitesa ni spea. Visanduku vingi, kama vya Fiamma ya Italia, vimelenga soko la Ulaya. Hapa Moshi nilizunguka maduka ya spea mpaka nikachoka, hakuna aliyeelewa nataka nini. Fundi wa madirisha ya alumini ndiye aliyeunyoosha. Unafunga, ila unalia.

FundiKeria
Nafunga hivi vitu mtaa wa Unga Limited, Arusha, kwa hiyo nina upande wangu, mjue hivyo.

Kwa keria ya chuma na laki nane, mimi nakwambia cha mfuko. Chukua mita 2.5 kwa 2.5. Cha mita 2 ukishaweka meza na jiko, miguu ya mtu mmoja inabaki juani, na huyo mtu atakuwa wewe. Kinashikwa na vyuma viwili vya umbo la L ubavuni mwa keria, bolti nne, kazi ya asubuhi moja. Ukiuza gari unakifungua unaondoka nacho.

Watu wanaumia kwenye vitu vidogo. Keria nyingi za mtaani hazijanyooka. Vuta uzi kutoka mbele mpaka nyuma utaona tumbo katikati. Ukifunga kivuli hapo, reli yake ya alumini inafuata lile tumbo, mwezi wa pili zipu inaanza kugoma, mteja anasema kivuli feki. Keria inyooshwe kwanza. Na nati ziwe zile zenye plastiki ndani. Kuna Hiace ilitoka kwangu na nati za kawaida kwa sababu mwenyewe alikuwa na haraka, ikaenda Ziwa Natron kwenye ile njia ya vumbi yenye mawimbi, ikarudi na bolti moja kati ya nne na mkanda wa suruali umeshikilia upande wa pili.

Halafu mvua. Mita 2.5 kwa 2.5 ni mita za mraba 6 na robo. Maji ya kina cha sentimita moja tu hapo juu ni lita 62, yaani kilo 62. Ni mtu mzima amelala katikati ya kitambaa. Mvua ikianza, shusha mguu mmoja wa mbele uwe mfupi kuliko mwenzake kwa shubiri, maji yapate pa kutokea. Usiende kuyasukuma kwa ufagio kutoka chini, yatakumwagikia yote kichwani, nimeona.

Ukipata kitambaa cha pamba iliyochanganywa na poliesta, kichague kuliko plastiki tupu, chini yake kuna ubaridi. Kikiwa kipya kitavuja kwenye mishono, usikasirike. Kimwagie maji kikiwa kimetandazwa, kiache kikauke, rudia. Pamba inavimba na kuziba tundu za sindano. Usije tu ukakikunja kimelowa ukakisahau wiki nzima juu ya gari. Kile kitakachoota hakifuliki.

Chalii_Njiro
Mimi ndiye mjinga wa digrii 270. Niliagiza mtandaoni, muuzaji simtaji. Sikujua kwamba vipo vya upande wa kushoto na vya kulia, na havigeuzwi, maana bawaba ipo kwenye kona moja na kitambaa kimekatwa kufuata hiyo kona. Nimeletewa cha kulia. Nikikifungua kinatandaza kivuli kizuri sana upande wa dereva, wakati mlango wetu na jiko letu vipo kushoto juani.

Na hata kingekuwa cha kushoto, dada Binti, mlango wako wa nyuma unanyanyuka juu. Kivuli kikishatandazwa nyuma, ukifungua ule mlango unakisukuma kitambaa kutoka chini. Wapo wanaokipandisha kwa vyuma virefu zaidi. Sawa, ila gari linarefuka, na kila tawi la mwembe linakusalimia.

Mangi_Kibosho
Pole arifu, hahaha. Geuza gari liwe linarudi nyuma.

MamaTengeru
Sisi tuna hema la kuunganisha, watoto watatu, hakuna namna nyingine. Faida yake watu hawaielewi mpaka wafike kambini: unalifungua kutoka kwenye gari, linabaki limesimama na mabegi na viti ndani, mnaenda kutembea na gari, mnarudi mnaunganisha tena. Karatu siku tatu lilitufaa sana. Lakini kulisimamisha ni nusu saa na ugomvi mmoja wa ndoa. Kwa kwenda Duluti asubuhi na kurudi jioni, kwa mtoto mmoja, hapana. Na chakula msiache humo mkiondoka. Nyani anajua zipu.

DerevaMstaafu
Wanangu, hamjambo. Nimeendesha lori miaka mingi na kivuli changu kilikuwa turubai. Upande mmoja unafungwa kwenye keria, upande wa pili nguzo mbili za skwea paipu, juu ya kila nguzo msumari umechomelewa ukipita kwenye jicho la turubai, kamba mbili kila kona, vigingi vya nondo. Kikichanika, fundi wa maturubai anashona ukisubiri. Hicho kisanduku cha Mangi nani atakishona?

Ila mmezungumza vitambaa tu, jua lenyewe mmeliacha. Huku kwetu mchana jua lipo utosini, kivuli chochote kinafaa. Kazi inaanza saa tisa, jua linakuja ubavuni kutoka magharibi na kupita chini ya turubai lako la gharama, mnaanza kusogeza viti. Mwenye mlango wa kushoto aegeshe pua ya gari ikielekea kusini. Ubavu wa kushoto unaangalia mashariki, na gari lenyewe linawakinga jua la jioni. Mkiwa Duluti, Mlima Meru ubaki nyuma ya gari. Asubuhi jua litawapiga mkinywa chai, na kwa baridi ya mwezi wa saba mtashukuru.

BintiSakina
Shikamoo mzee. Nimesoma nikacheka, maana Duluti tulipaki Meru ikiwa mbele kabisa, kwa ajili ya picha! Na turubai la plastiki usiku halipigi kelele? Mtoto wangu anaamka hata paka akikohoa.

DerevaMstaafu
Marahaba mwanangu. La plastiki likilegea linapiga kama bati. Shona la kanvasi. Na kila kamba iwekee katikati kipande cha mpira wa tyubu ya pikipiki, urefu wa kiganja. Upepo ukivuta, mpira unavutika badala ya jicho kung'oka.

FundiKeria
Hilo la tyubu naliiba mzee.

Binti, kwa watakaokushonea, macho ya chuma yawekwe kila nusu mita upande wa keria, siyo kwenye kona peke yake. Na pindo liwe la kanvasi mbili. Jicho likipigwa kwenye kitambaa kimoja halimalizi msimu.

BintiSakina
Tumekaa na mume wangu jana usiku na karatasi. Kisanduku tumekifuta kwa sababu ya spea, 270 kwa sababu ya mlango wa nyuma, hema tutalifikiria tukipata wa pili. Yeye alitaka cha mfuko moja kwa moja. Mimi nikamwambia gari hili hatujalilalia hata mara tano, hatujui kama tutakuwa watu wa kukaa pembeni au watu wa kukaa nyuma na mlango umenyanyuliwa. Tumekubaliana turubai la kanvasi, kijani, mita 2.5 kwa 2.5, tupite nalo masika. Tukifika Juni bado tunalipenda, pesa ya mfuko ipo, haijaguswa.

FundiKeria, nakuletea gari Jumamosi unyooshe keria. Nilivuta uzi. Tumbo lipo, vidole viwili.

FundiKeria
Njoo kabla ya saa nne. Macho usipige kwanza, tutayapima keria ikishanyooka.

Chalii_Njiro
Samahani kwa kuingilia. Kama kuna mwenye gari la usukani wa kushoto humu, lenye mlango wa kuburuta kulia, nina kivuli kimefunguliwa mara mbili tu.