Kompyuta inazima ghafla nikianza kurenda video za harusi, msaada wakuu (Moshi)

Kamera_Majengo
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, Majengo, napiga na kuhariri video za harusi na sendofu. Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba wa ofisini, i5-4590, RAM GB 16. Mwaka jana nikaiongezea kadi ya grafiki, GTX 1060, ili Premiere ninayohariria isinitese. Miezi kadhaa ilikuwa tamu.

Sasa hivi nikikata vipande au nikisikiliza muziki haina neno. Ngoja nianze kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika: inafika asilimia 20, siku nyingine 35, halafu tap! Giza. Hakuna skrini ya bluu, hakuna onyo, kama mtu kachomoa waya. Na nikibonyeza swichi haiwaki mpaka nichomoe waya ukutani nisubiri kama dakika moja.

Fundi wa kwanza kapiga Windows upya, elfu 30 ikaenda. Wa pili kasugua RAM kwa kifutio cha penseli, akasema imepona. Ilipona mpaka nilipofika nyumbani. Wa tatu kakuta Kernel-Power 41 kwenye kumbukumbu za Windows, akasema mazabodi imekufa. Hapo nikaona niulize kwanza kabla sijauza kamera. Kuna bibi harusi ananidai video wiki ya pili sasa, simu yake nikiiona naiacha iite.

Kijana_wa_Sakina
Mkuu hiyo ni joto, usihangaike. Moshi si Arusha, huko mchana hata binadamu anazima. Fungua kesi, puliza vumbi, badilisha ile grisi kati ya prosesa na kipoozeo, ikishakauka haifanyi kazi. Kisha weka HWMonitor uangalie nyuzi wakati inarenda.

Mama_Stesheneri
Mwanangu, umeangalia umeme? Mimi niko Kiborloni. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, taa zangu zinafifia na mashine ya fotokopi inagoma. Jaribu usiku wa manane uone.

Kamera_Majengo
Mama shikamoo. Nimejaribu saa nane usiku mtaa mzima umelala, imezima vilevile. @Kijana_wa_Sakina vumbi nimepuliza, lilitoka la kujaza debe, grisi mpya nimepaka. Nyuzi zinacheza 70 na 71, na hapohapo inazima.

Kijana_wa_Sakina
71 mbona ni kidogo. Basi fomati tena 😂

Fundi_Mstaafu
Usifomati chochote. Windows ikiharibika inakupa ujumbe, inaganda, inajiwasha upya. Haikatiki kama mshumaa.

Hiyo 41 isikutishe. Huandikwa kompyuta ikishawaka tena, na inasema tu kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini. Aliyekwambia mazabodi imekufa kwa kusoma namba hiyo alikuwa anabahatisha kwa pesa yako.

Nijibu moja: ikizima, skrini nayo inazima? Na una UPS, ile betri ya akiba?

Kamera_Majengo
Shikamoo mzee. UPS ninayo, skrini na kompyuta vyote vimechomekwa humo. Ikizima, skrini inabaki inawaka, inaandika kwamba haipati picha. UPS wala hailii.

Fundi_Mstaafu
Marahaba. Basi umeme wa mtaani na UPS havina kesi, maana skrini ingezima nayo. Joto nalo tumeliondoa: prosesa hiyo hupunguza kasi yenyewe ikikaribia nyuzi 100, wewe uko 71.

Lakini jibu ulishaliandika mwenyewe bila kujua: haiwaki mpaka uchomoe waya ukutani. Pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikizidiwa inajikata ili isiungue, na nyingi hubaki zimejifunga hivyo mpaka umeme uondoke kabisa. Fungua kesi utupe mambo mawili: stika ya pawasaplai inasemaje, na waya unaolisha ile kadi unatokea wapi.

Kamera_Majengo
Stika inasema wati 290. Kadi ina tundu la pini 6, ila pawasaplai haikuwa na waya wa hivyo. Aliyeniuzia kadi alinipa kiunganishi kinachochomekwa kwenye waya wa hadidiski.

Wakuu, nimekichomoa sasa hivi. Plastiki ilikuwa nyeusi, upande mmoja imegeuka kahawia na imelainika, na waya mmoja wa njano umeshikana nayo kama peremende iliyoachwa juani. Harufu ninayoisikia siku zote hapa ofisini nilidhani ni ya jirani anayechomelea mageti.

Mama_Stesheneri
Yesu na Maria. Na wewe unalala humohumo?

Fundi_Mstaafu
Usiwashe tena na hicho kitu. Sikia hesabu. Plagi ya hadidiski ya namna hiyo ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Jumla wati 54. Tundu la pini 6 la kadi linaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Umembebesha mtoto gunia la baba yake.

Halafu kadi peke yake ni wati 120, prosesa 84. Kwenye karatasi 290 inatosha, ndiyo maana ilikupa miezi kadhaa. Lakini kadi haivuti kwa upole, inaruka ghafla juu ya wati zake kwa kufumba na kufumbua, na ukirenda prosesa nayo inavuta wakati uleule. Prosesa hiyo ilitoka 2014. Kama pawasaplai ni ileile iliyokuja nayo, basi ni rika lake, imechoka.

Uhakikishe bila kununua kitu: toa kadi kabisa, skrini ichomeke kwenye tundu la mazabodi, maana i5 hiyo ina grafiki zake ndani. Renda hivyo. Itakwenda kikobe, lakini ikimaliza, tumemkamata mwizi.

Kamera_Majengo
Mzee! Nimeanza saa nne usiku, imemaliza alfajiri. Haijazima hata mara moja. Nimekaa naiangalia kama anayelinda maziwa jikoni.

Fundi_Mstaafu
Sasa tafuta pawasaplai ya kweli. Usisome wati zilizoandikwa kubwa, soma mstari wa volti 12. Nimeshika moja imeandikwa 500, mstari huo una ampea 18: mara 12 ni wati 216 tu. Iliyobaki ni rangi ya boksi. Iwe na waya wake wa pini 6. Na angalia plagi ya mazabodi yako, nyingi za ofisini si za pini 24, utahitaji waya wa kugeuza. Hiyo ya zamani usiifungue kuchungulia, kapasita zake hukaa na umeme hata ukishachomoa.

Kijana_wa_Sakina
Nilisema joto, nimekula maneno yangu. Mkuu niandikie pembeni, kesho nashuka mjini, kuna jamaa anauza zilizotumika na anakubali kuzipima mbele yako. Plagi yako ni pini ngapi?

Kamera_Majengo
Pini 8.

(siku nne baadaye)

Kamera_Majengo
Mrejesho. Kijana wa Sakina kanitumia pawasaplai na waya wa kugeuza kwa Coaster, jioni ileile nikapokea stendi. Ampea 38 kwenye volti 12, tumepigiana simu akanisomea stika herufi kwa herufi. Kadi nimeirudisha kwa waya wake halali. Nimerenda harusi ya saa tatu na ubatizo juu yake, feni zinavuma tu. Mzee, aika sana.

Mama_Stesheneri
Hongera mwanangu. Na bibi harusi keshapata video yake?

Kamera_Majengo
Iko tayari mama. Sasa ni yeye anayeacha simu yangu iite, kuna salio hajamalizia.