Mfarishi wa vipande kwa watoto wa kituo: blanketi ndani, au pamba?

MamaTunu
Wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) hapa Mbeya kimeamua kuwashonea mifarishi ya vipande (vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja na kijazio katikati) watoto wa kituo kimoja cha kulelea yatima wilayani Makete, na tungependa iwafikie kabla ya baridi ya Juni. Mafundi wa mtaani wametuwekea mabaki ya vitenge, magunia kwa magunia, lakini kikao kilichopita kiligawanyika pande tatu. Wapo wanaotaka uso wa vipande vya vitenge na blanketi la mtumba katikati. Wapo wanaotaka kanga mpya juu na chini, na katikati pamba ya poliesta ile inayouzwa kwa kujazia mito. Mweka hazina wetu anasema tuache ushonaji, tununue mablanketi ya dukani. Jumamosi tunakwenda sokoni na fedha ya michango, kwa hiyo naomba mnisaidie kuchagua.

FundiWaKona
Mama Tunu, shikamoo. Umetueleza mlicho nacho, lakini hukusema watoto wana umri gani, wako wangapi, wanalala kwenye vitanda vya ukubwa gani, wala ni nani atakayefua. Mfarishi wa kitanda cha mbili na nusu kwa sita si mfarishi wa kitanda cha futi nne. Hukusema pia mna vyerehani vya aina gani, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu cherehani cha miguu hushona blanketi jepesi lililo kati ya vitambaa viwili bila taabu, ilhali blanketi zito litakuvunjia sindano siku nzima.

BintiWaPwani
Kwa maoni yangu kanga haina mpinzani. Kwa kawaida ni pamba tupu, ni laini tangu siku ya kwanza, na kanga moja ina karibu sentimita 150 kwa 110, hivyo doti moja inakupa juu na chini ya mfarishi wa mtoto bila kuunga hata kipande kimoja. Vitenge vya mabaki vina wanga mwingi, na vingine si pamba kabisa.

MleziMstaafu
Kabla hamjaendelea na urembo wa uso, naomba mniruhusu nisimulie yaliyotupata katika kituo nilichokuwa mlezi wa bweni, huko huko kwenye baridi, bila kuwataja waliohusika. Tuliletewa mifarishi ya kupendeza ajabu, uso wake vipande vyekundu na vya buluu vilivyopangwa kama nyota, na ndani imejazwa sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Watoto waliigombea hata tukalazimika kupiga kura. Kisha ikaja zamu ya kufua. Kumbe waliotushonea walikuwa wameshona kingo nne tu, katikati hakuna mshono wala kifundo, na sufi ilipolowa ikakimbilia pembe moja, ikabaki tonge moja zito, huku sehemu iliyobaki ikiwa vitambaa viwili vitupu. Wasichana wakubwa wawili walishindwa kuukamua mfarishi mmoja. Tukauanika, kamba ikakatika. Tukauanika juu ya ua, na ukungu ukashuka kama ilivyo kawaida ya Julai. Wiki ikapita, ukiuminya bado unatoa maji, na baadaye ukaanza kunuka. Tulipoufumua tulikuta madoa meusi ya kuvu hadi kwenye bitana, na vile vipande vyekundu vilikuwa vimechuja juu ya vyeupe vyote. Nyuso za mifarishi ile ziliishia kuwa mapazia ya chumba cha kulia, na wale watoto walirudia mablanketi yao ya zamani. Kwa hiyo swali langu kwenu si kipi kinapendeza. Nauliza kipi kinakauka.

FundiWaKona
Umesema kweli, Mama Mlezi. Ndiyo maana nasimama na blanketi, kwani halina cha kujikusanya. Pamba ya mito inayouzwa ikiwa imechambuliwa itafanya vilevile kama sufi, isipokuwa ishonwe katikati kwa mistari isiyoachana zaidi ya kiganja. Ile inayouzwa ikiwa shuka moja iliyoshikamana ni afadhali, lakini sijaiona katika kila soko.

Kuhusu kuchuja, dawa yake ni ndogo. Kila kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, ili kirudi kitakavyorudi na kichuje kitakavyochuja. Chenye shaka kiloweshwe na kuminywa juu ya kitambaa cheupe, na kikiacha rangi mara ya pili, kiondoeni. Kutambua kitambaa kisicho pamba ni rahisi vilevile: chomoeni nyuzi chache mzichome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Nyanda_Juu
Hapo kwenye kuyeyuka pasipitwe haraka. Makete watoto hujifunika na kukaa karibu na jiko la mkaa. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Mimi ningepiga marufuku poliesta ndani na nje, hata kama ni nyepesi na inakauka haraka, na hata mablanketi ya dukani anayoyataka mweka hazina mengi yake si sufu wala pamba.

BintiWaPwani
Kwa hiyo mnakubaliana nami kwamba kanga ni salama zaidi.

FundiWaKona
Kanga ni salama, dada yangu, lakini ni nyembamba, na mtoto anayevuta mfarishi usiku ataichana ndani ya mwaka. Isitoshe, ukiikata vipande unapoteza pindo na mji wake (sehemu ya kati), na usipoikata unabaki na jina, yaani maneno yaliyochapwa, katikati ya kifua cha mtoto. Majina mengi ni mafumbo ya wake wenza na majirani, nayo hayamhusu mtoto wa darasa la pili.

BintiWaPwani
Yapo majina ya dua na ya kumshukuru mama. Anayechagua kanga bila kusoma jina lake hana wa kumlaumu.

Ughaibuni_Minnesota
Huku Marekani nimeshona na akina mama wa kanisani kwa ajili ya Project Linus, shirika lililoanza mwaka 1995, ambalo huwapa watoto na vijana hadi umri wa miaka 18 mablanketi yaliyotengenezwa kwa mikono. Wanasisitiza yawe mapya na yanayofulika, kwa hiyo blanketi la mtumba lingezua mjadala, ingawa kwa mazingira yenu silioni kuwa kosa likichemshwa kwanza. Jambo ninaloliona zito zaidi ni watoto wachanga. Madaktari wa watoto huku wanashauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilazwe na mfarishi wala mto, kwa sababu unaweza kumfunika pua akashindwa kupumua. Vifungo na shanga pia visiwekwe, maana huishia mdomoni. Mama Tunu, kituoni kuna wachanga?

MamaTunu
Nimempigia simu mama mlezi wa kituo. Wachanga wapo wachache, wengi ni wa chekechea hadi darasa la saba, na vitanda ni vya ghorofa, mbili na nusu kwa sita. Wanafua kwa mikono, na wapo wanaokojoa kitandani. Vyerehani vyetu ni vya miguu. Idadi kamili atanitumia.

FundiWaKona
Sasa tunaweza kupiga hesabu. Kata miraba ya sentimita 17 kwa kufuata uzi, si kwa mshazari. Ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, inabaki 15. Safu 13 za miraba minane zinakupa sentimita 120 kwa 195, yaani vipande 104, na mfarishi unaning'inia pande zote za kitanda. Tandika bitana, blanketi na uso, piga bandi (mshono wa muda) kuanzia katikati kwenda kingoni, kisha shona juu ya mishono ya vipande kwa sindano namba 16. Asiyeweza kushona katikati afunge vifundo vya uzi mnene kwenye pembe za miraba.

MleziMstaafu
Kwa wanaokojoa, shoneni foronya kubwa ya kuuvika mfarishi, ili kinachofuliwa kila asubuhi kiwe foronya peke yake. Tena kila mfarishi utariziwe jina la mtoto mwenyewe. Tafadhali msitarizi jina la kikundi. Mtoto hapaswi kulala chini ya tangazo la aliyemsaidia.

MwekaHazina_VICOBA
Mimi ndiye mnayenisema. Waliochanga wanastahili kuona fedha yao ilikokwenda, na jina dogo kwenye pindo la bitana halimdhuru mtu. Hata hivyo, mkitarizi jina la mtoto, akihama kituo mtafumua?

MleziMstaafu
Akihama, anahama nao.

MwekaHazina_VICOBA
Na anayekuja baada yake?

MamaTunu
Hilo la majina tutalipeleka kwenye kikao. Fundi, kwa bitana unashauri kitambaa cha flana au cha marekani? Flana niliyoiona sokoni inatoa vinyuzi hata kabla haijafuliwa.