Nyimbo za kuwakejeli mashoga kwenye mechi za Uingereza: kosa linaanzia wapi, na ukizisikia ufanyeje?

Baraza_la_Magoli:
Wadau, habari za humu. Grupu letu la mashabiki wa Afrika Mashariki tunaoishi Uingereza limekua, na wengi msimu huu ndiyo mara yao ya kwanza kuingia uwanjani. Nimekabidhiwa kuandika kanuni za grupu. Ubaguzi wa rangi hauna mjadala, kila mtu anauelewa. Panapowaka moto ni kwenye nyimbo za kuwakejeli mashoga. Wapo wanaosema ni utani tu wa majukwaani kama wa Simba na Yanga, wapo wanaosema mtu anaondoka na pingu. Wengine wanauliza kama mwenye dini yake analazimishwa kuunga mkono jambo asiloliamini. Naomba majibu ya uhakika: kosa ni lipi, adhabu ni ipi, na mtu afanye nini jirani yake wa kiti akianza kuimba hivyo.

Nje_ya_Kumi_na_Nane:
Mkuu, pingu zipo kweli. Anza na wimbo unaosikika zaidi, ule wanaoimbiwa Chelsea, unaowaita wavulana wa kuuza miili yao kwa wanaume. Ulianza miaka ya 1980 na kwa muda mrefu watu waliuchukulia kama mzaha. Januari 2022 ofisi ya waendesha mashtaka ya Uingereza ilitamka wazi kwamba ni wimbo wa chuki dhidi ya mashoga na unaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mwaka huohuo shabiki mmoja alitiwa hatiani kwa kuuimba kwenye mechi ya Norwich na Liverpool ya Agosti 2021. Januari 2023 FA, chama cha soka cha England, nayo ikasema wimbo huo unavunja kanuni zake, kwa hiyo klabu yenyewe inashtakiwa mashabiki wake wakiuimba. Wolves walitozwa pauni 100,000 kwa mechi yao na Chelsea ya Aprili 2023.

Kisheria kuna jambo linalowachanganya watu. Sheria ya Makosa ya Soka ya 1991 inataja nyimbo za ubaguzi wa rangi na za matusi ya aibu, mashoga haiwataji. Mtu akisoma hapo tu anadhani yuko salama. Polisi hutumia Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1986, na ikithibitika kwamba kosa lilitokana na chuki dhidi ya mashoga, hakimu analazimika kuongeza uzito wa adhabu. Juu yake inakuja amri ya kuzuiwa viwanjani: miaka 3 hadi 5 kwa asiyefungwa, 6 hadi 10 kwa aliyepewa kifungo cha jela kisichoahirishwa. Amri hiyo inahusu mechi zote zinazosimamiwa na sheria ya amri hizo, siyo za timu yako tu, na timu inapocheza nje ya nchi unaweza kutakiwa kukabidhi pasipoti polisi. Ukiikiuka, jela hadi miezi 6. Kwa mtu ambaye makaratasi yake ya ukaazi bado yanashughulikiwa, hukumu ya jinai si kitu cha kuchezea. Hilo liweke juu kabisa kwenye kanuni zenu.

Kocha_wa_Mtaa:
Naongezea kuhusu nyimbo zinazoonekana hazina tusi. Brighton wameimbiwa kwa miaka, "mpenzi wako wa kiume anajua uko hapa?", kwa sababu mji wao unajulikana kwa kuwa na wakazi wengi mashoga. Maneno yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kinachotazamwa ni lengo: kumdhalilisha mtu kwa kumhusisha na ushoga. Kwa hiyo msitunge orodha ya maneno yaliyokatazwa, maana watu watatafuta jipya wiki ijayo. Andikeni kigezo: usimtukane mtu, mchezaji au shabiki, kwa kumwita shoga au kumwigiza shoga, kwa lugha yoyote. Kiswahili hakimfichi mtu, kuna Waswahili kila jukwaa London.

Na utani wa Simba na Yanga mbona una maneno yake: timu mbovu, usajili hewa, kipigo cha mabao. Kumcheka mtu kwa timu yake kufungwa ni tofauti na kumcheka kwa vile alivyo, wakati pembeni yake huenda ameketi kijana ambaye hajamwambia hata mama yake.

Dakika_ya_90:
Kuhusu kuripoti, hapa ndipo wengi wanapokosea, na lalamiko linakufa kwa kukosa maelezo.

Klabu inahitaji kujua nani, wapi, saa ngapi. Kwa hiyo ukisikia, cha kwanza tazama dakika ya mchezo kwenye ubao na uiandike kwenye simu. Kisha jukwaa, safu na namba ya kiti cha anayeimba. Kama huioni, hesabu kutoka kiti chako, mfano safu mbili mbele, viti vinne kulia. Andika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. "Waliimba vibaya" haimsaidii mtu. Andika na mavazi, maana nusu ya jukwaa wamevaa jezi ileile: kofia ya bluu, skafu ya zamani, koti la kijani.

Halafu peleka taarifa siku hiyohiyo. Klabu nyingi zina namba ya kutuma ujumbe mfupi wakati mechi inaendelea. Hutangazwa uwanjani au kwenye tovuti ya klabu, ihifadhini kabla ya kutoka nyumbani. Ujumbe unaingia chumba cha udhibiti, kamera inaelekezwa pale, na wewe hulazimiki kusimama mbele ya watu. Ukichelewa wiki mbili, picha za kamera zinaweza kuwa zimeshafutwa. Unaweza pia kumwambia mlinzi mwenye kizibao cha kung'aa, ila usimwambie pale kwenye safu yenu. Nenda kwenye ngazi au kwenye korido wakati wa mapumziko.

Kick It Out, taasisi ya kupinga ubaguzi kwenye soka iliyoanzishwa 1993, inapokea taarifa kwa fomu ya mtandaoni. Haina mamlaka ya kuadhibu. Inapeleka taarifa kwa klabu, FA au polisi. Kwenye treni, tuma ujumbe 61016 kwa polisi wa reli. Safari ya kwenda na kurudi nayo inahesabika, wengi hawalijui hilo na ndiko pombe inakowapanda.

Usimrekodi mtu usoni na simu ukiwa karibu naye. Ugomvi unaanzia hapo, na mwishowe mnatolewa wote wawili.

Mzee_wa_Jukwaa_la_Kaskazini:
Hilo la dini naomba nilijibu, kwa sababu linaulizwa na watu wenye nia njema na wanastahili jibu la heshima.

Sheria ya Usawa ya 2010 inalinda dini na imani, na inalinda pia mwelekeo wa mapenzi. Vyote viwili vimo kwenye orodha moja. Tazama mfano wa mwishoni mwa 2024: Sam Morsy, nahodha wa Ipswich na Mwislamu, hakuvaa kitambaa cha nahodha chenye rangi za upinde wa mvua, cha kuonyesha kuwaunga mkono mashoga. Klabu yake ilitoa taarifa ya kuheshimu uamuzi wake, naye hakuadhibiwa. Marc Guéhi wa Crystal Palace alikivaa, akaandika juu yake maneno ya kumpenda Yesu. FA iliikumbusha klabu kanuni inayokataza ujumbe wa kidini kwenye vifaa vya mchezo, ikaishia hapo.

Ufaransa walikuwa wakali zaidi. Mei 2024 Mohamed Camara wa Monaco alifunika kwa utepe nembo ya kampeni ya kupinga chuki dhidi ya mashoga kwenye jezi yake, akafungiwa mechi 4. Kwa maoni yangu, kumwachia mtu nafasi ya kutovaa kunajenga kuliko kumlazimisha. Kitambaa cha kulazimishwa hakimbadilishi mtu. Lakini kutovaa ni kitu kimoja na kutukana ni kingine. Imani yako inakuruhusu kukaa kimya. Haikupi kibali cha kumzomea mwenzako aliyelipa tiketi kama wewe.

Kocha_wa_Mtaa:
Sahihi kabisa mzee wangu. Na waelezeni wanagrupu gharama ya haya. Justin Fashanu, mchezaji mweusi wa kwanza kununuliwa kwa pauni milioni 1 Uingereza, alipohamia Nottingham Forest mwaka 1981, alijitangaza kuwa shoga Oktoba 1990. Ndugu yake John alimkana hadharani. Alijiua Mei 1998. Baada yake hakuna mwanaume aliyekuwa bado anacheza soka la kulipwa Uingereza aliyejitangaza hadi Mei 2022, Jake Daniels wa Blackpool, miaka 17. Miaka zaidi ya 30! Thomas Hitzlsperger, aliyeichezea Ujerumani mechi 52, alisubiri astaafu ndipo aseme, Januari 2014. Kwa wanawake hali ni tofauti sana, wapo wengi wanaojulikana na wamecheza kwa amani, Megan Rapinoe, aliyestaafu 2023, na Sam Kerr ni mfano tu. Ukiangalia tofauti hiyo utajua tatizo la soka la wanaume linakaa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na majukwaani.

Baraza_la_Magoli:
Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: wapo wanaosema haya ni ya Ulaya tu, na je, maoni ya mtandaoni?

Nje_ya_Kumi_na_Nane:
Si ya Ulaya tu. Kanuni za nidhamu za FIFA zinataja mwelekeo wa mapenzi pamoja na rangi na dini, na zinahusu mechi za kufuzu Kombe la Dunia, za Taifa Stars na Harambee Stars zikiwemo. Mexico wanalijua hilo vizuri: mashabiki wao wana neno la kuwakejeli mashoga wanalolipaza kila kipa wa wapinzani anapopiga goli kiki, na Septemba 2021, kama adhabu, walicheza na Jamaica kwenye uwanja wao wa Azteca bila mashabiki. Refa ana hatua tatu. Anasimamisha mchezo na tangazo linasomwa. Wakiendelea, anaziingiza timu vyumbani kwa muda. Wakirudia, anavunja mechi.

Mtandaoni, tangu 2022 kosa la chuki linalohusu soka linaweza kukuletea amri ileile ya kuzuiwa viwanjani. Kwenye kanuni andika kwamba atakayetuma picha au sauti za aina hiyo ndani ya grupu anaondolewa, na admini afute ujumbe baada ya kuhifadhi nakala. Na ongeza moja: ni mwiko kubahatisha kwenye grupu kwamba mchezaji fulani, au mwanagrupu fulani, ni shoga. Kwa ndugu zetu walio Kenya na Tanzania, ambako sheria za jinai bado zinafunga watu kwa hilo, uvumi wa aina hiyo unaweza kumfikisha mtu polisi au kumfukuzisha nyumbani kwao.